Kijiti Kutoka Mkononi mwa Mkwe

Ukitaka kumjua Getruda Luhaga, nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi boti za dagaa zinapoingia. Usimtafute kwa sura, mtafute kwa kelele. Wanawake wenzake wakigombea mzigo mzuri wanasukumana na kukanyagana. Yeye hasukumani na mtu. Anakimbia. Boti ikigusa gati tu, mama wa watu keshakunja kanga, kandambili mkononi, na kabla mwingine hajauliza bei yeye keshakaa juu ya gunia alilolitaka, anajipepea.

"Umepita wapi, Mama Modesta?"

"Nimepita hapahapa, nyie mlikuwa mnafunga vilemba."

Halafu anacheka, na kicheko chake kinakera, mpaka unatamani umnyang'anye hilo gunia umwage dagaa ziwani.

Mbio hizo hakuzianzia sokoni. Kwao Bujora alikuwa binti wa kukimbizana na ndama na kuwashinda. Walimu walimchagua akakimbie wilayani, bukta ikashonwa, lakini mwaka huohuo ng'ombe wa mahari wakaingia zizini kwa baba yake, na habari za bukta zikaishia hapo. Kama alilia, hakumwambia mtu. Aliolewa na Paulo, mwanamume mpole asiye na makuu, wakahamia Igogo, akazaa, akauza dagaa, akanenepa kidogo na kupungua tena. Hamu ya kukimbia haikumtoka.

Sasa, masoko ya Mwanza yana bonanza lao la michezo kila mwaka kwenye uwanja wa Kirumba. Watu wanavuta kamba, wanakimbiza kuku, wanacheza mpira wa kuchekesha, na mwisho kabisa, watu wote wakiwa wamesimama, zinakuja mbio za kupokezana vijiti. Kila mwaka Getruda alikuwa mkimbiaji wa mwisho wa soko la samaki, na kila mwaka soko la samaki lilishindwa. Walishindwa na wauza mbao. Walishindwa na wauza nyanya, aibu iliyoje. Na miaka hii ya karibuni walikuwa wakishindwa na wauza mitumba, watu wenye midomo, ambao kesho yake walikuja Mwaloni kununua dagaa wakiwa wamevaa medali shingoni. Jamani, medali! Kununulia dagaa!

Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwa Getruda, kwa sababu mwakani angekuwa amevuka umri unaoruhusiwa.

"Nikimaliza bila kushinda hata mara moja," alimwambia mumewe, "nitakufa na donge hapa kifuani."

"Hafi mtu kwa mbio," akasema Paulo.

"Wewe hujui."

Na kweli Paulo hakujua. Hakuwahi kushonewa bukta ambayo haikuvaliwa.

Timu ni ya watu wanne na kanuni ya bonanza ni mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, ukibadilisha umetolewa. Wa kwanza alikuwa Farouk, muuza barafu, kijana anayeondoka mstarini kabla mlio wa filimbi haujakufika wewe sikioni. Wa pili Najat, binti wa duka la nyavu. Wa tatu Pius, mchukuzi. Wa mwisho Getruda. Kocha wao, Mwalimu Muhidin, alikuwa amestaafu kufundisha michezo shuleni, lakini hasira za kazi hakustaafu nazo, na filimbi aliivaa hata akienda msikitini, ikifichwa ndani ya kanzu.

Bonanza likiwa limekaribia, Pius akateleza kwenye magamba ya samaki akiwa na mzigo kichwani. Kifundo cha mguu kikavimba. Wakatafutwa wanaume wengine pale sokoni, wakajaribiwa mmoja mmoja, na aliyewaacha wote nyuma alikuwa fundi wa injini za boti aitwaye Luhende.

Najat akashangilia. Farouk akashangilia. Getruda akainamisha kichwa akaanza kuchambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa. Luhende alikuwa mume wa Modesta, binti yake wa kwanza. Alikuwa mkwe wake.

Kama hukukulia nyumba ya Kisukuma ya namna ile, nikueleze. Kwa kina Getruda, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali sahani moja wala hawaketi mkeka mmoja. Mkwe akija anabisha hodi tangu nje ya uzio, ili mama apate nafasi ya kuingia ndani au kugeukia upande mwingine. Na kitu hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule. Kinawekwa chini, mwenyewe anakiokota, mikono isije ikagusana. Si chuki hata kidogo. Getruda alimpenda yule kijana kuliko wanawe wawili wa kiume, na akisifiwa mbele yake anavimba kwa furaha. Lakini tangu amwoe Modesta hajawahi kumtazama machoni, na angekutana naye ghafla kwenye kichochoro angeruka ukuta.

"Basi muwekeni huyo Luhende akimbie wa kwanza!" akasema Najat. "Hawatakutana."

Wakajaribu. Luhende mstarini ni balaa. Filimbi haijapigwa, ameondoka. Wakamrudisha, akaondoka tena. Mwalimu Muhidin akamshika shati kwa nyuma, akaondoka na Mwalimu. Kwenye bonanza ukifanya hivyo mara mbili timu nzima inatolewa. Kwa hiyo Farouk akabaki wa kwanza, Luhende akabaki wa tatu, na ukishakuwa wa tatu, ukipanga wanawake utakavyopanga, Getruda lazima akupe kijiti au akipokee kutoka kwako.

Zoezi la kwanza, Mungu ndiye shahidi, watu wa Mwaloni wanalisimulia mpaka leo. Farouk akampa Najat, Najat akampa Luhende, Luhende akaja anakata kona kwa kasi ya ajabu, vumbi linatimka, mpaka akafika mahali pa kukabidhi. Hapo akafunga breki. Akachuchumaa. Akakiweka kijiti kwenye nyasi polepole kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua chache, akageuza uso akatazama mlima. Getruda naye akasubiri mkwe asogee vizuri, akapiga goti, akaokota, ndipo akakimbia.

Wachukuzi waliokuwa wanatazama walicheka mpaka wakalala chini. Mwalimu Muhidin hakucheka. Alivua kofia akaitupa.

"Mnafanya nini? Mnapeana kijiti au mnatoa posa?"

"Mwalimu," akasema Luhende huku bado anatazama mlima, "yule ni mama mkwe wangu."

"Uwanjani hakuna mama mkwe! Kuna mkimbiaji wa nne!"

"Kwenu, Mwalimu. Kwetu yupo."

Jioni hiyo habari zikawa zimefika Igogo kabla ya Getruda mwenyewe. Alimkuta wifi yake, Dorotea, dada mkubwa wa Paulo, amekaa sebuleni na mkoba mapajani. Dorotea ndiye mshika mila wa ukoo. Akiingia kwenye harusi, wapishi wanahesabu upya vijiko.

"Nasikia unataka kupokea vitu mkononi kwa mkwe wako mbele ya halaiki," akasema.

"Ni mbio tu, wifi."

"Mikono yenu ikigusana hadharani, Getruda, utamtazamaje Modesta? Wakwe wenzako utawaambia nini? Watasema tumemdharau kijana wao, tumemfanya mtu wa mzaha."

Getruda angeweza kumjibu mtu mwingine yeyote. Mdomo anao. Lakini alichosema Dorotea ndicho alichokuwa anakiogopa moyoni mwake. Hakuona mila hizo ni mzigo. Kwake, kule kukwepana ndiko kulikoifanya nyumba ya bintiye itulie. Mama mkwe hakumpa mkwe amri, mkwe hakumjibu mama mkwe, na Modesta alilala usingizi. Angeuza vipi amani ya mwanawe kwa medali? Akamwambia Dorotea kwamba kesho ataenda kujitoa. Akaingia jikoni, akawasha jiko, na safari hii alilia, Paulo akamsikia.

Kesho yake akafika uwanjani amevaa gauni la kutokea, sio la mazoezi, ili wamwelewe mapema. Akamkuta Mwalimu Muhidin anawagombeza Farouk na Najat, kila mmoja kwa zamu yake.

"Najat! Nimekuambia nini? Mpokeaji hageuki! Ukigeuka kumtazama unapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo anakugonga. Unainamisha kichwa, unatazama alama ya chokaa pale chini nyuma yako. Ukiona miguu yake imekanyaga alama, unaondoka kama umechomwa. Anakuita, unatupa mkono nyuma, kiganja juu, basi. Humtazami!"

"Sasa nisipomtazama nitajuaje kama yupo?" Najat akalalamika.

"Utajua! Na wewe Farouk, unashika kijiti katikati kwa nini? Shika mwisho, huku chini kabisa. Mwenzako ashike ncha ya juu. Unakiteremsha kiganjani mwake kutoka juu, unakiachia. Nimeona mkono wako umemgusa. Mkono ukimgusa mwenzako ujue mmebanana, mmepoteza nafasi bure. Katikati yenu kinakuwepo kijiti peke yake!"

Getruda alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake. Akasogea.

"Mwalimu, hebu rudia."

"Nirudie nini, mama? Na hilo gauni la nini?"

"Anayepokea hamtazami anayempa?"

"Hamtazami!"

"Hata kwa jicho la pembeni?"

"Hata kwa jicho la pembeni!"

"Na mikono haigusani?"

"Ikigusana mmekosea!"

Getruda akaanza kucheka. Alianza taratibu, kikapanda, kile kicheko cha kukera, mpaka akakaa chini na gauni lake la kutokea na machozi yakamtoka.

"Mwalimu Muhidin! Kumbe miaka yote hii unatufundisha ukwe na hujui!"

Mwalimu hakuelewa mpaka Farouk alipomweleza. Akavua kofia, akakuna kichwa, akasema kama ni hivyo basi na walete wakwe wote wa Mwanza.

Kilichobaki kilikuwa kupanga mambo, na hilo nalo lilikuwa na utaratibu wake. Getruda hawezi kumwambia Luhende fanya hivi, na Luhende hawezi kumwambia Getruda neno. Modesta akaitwa sokoni, akasimama katikati ya uwanja, anapeleka maneno huku na kurudisha kule. Likaja suala la wito. Mwalimu amezoea mleta kijiti apige kelele, "Shika!" Luhende akamwambia mkewe hata wamchinje hawezi kumwamrisha mama mkwe shika. Wakafikiri. Najat akatoa wazo la kupiga mluzi, likakataliwa, maana mama mkwe hapigiwi mluzi kama mbwa.

"Mwambie mumeo aseme hodi," Getruda akasema hatimaye. "Hodi si ndiyo anayosema kila siku?"

Mkono nao ukawa kesi. Wa tatu anakuja na kijiti mkono wa kulia, kwa hiyo wa nne anapokea kwa kushoto. Modesta akashtuka, mama apokee kwa kushoto? Getruda akalikata palepale. Luhende ndiye mdogo na anatoa kwa mkono wa kulia, adabu yake imekamilika. Yeye ni mkubwa, apokee kwa mkono anaoutaka.

Wakajaribu. Getruda akasimama, macho kwenye alama ya chokaa. Akaona viatu vya Luhende vimekanyaga, akachomoka. Nyuma yake akasikia "Hodi!" Akatupa mkono, kijiti kikatua kiganjani, chepesi, naye yuko mbali tayari. Hakuna kusitasita, hakuna kugeuka. Farouk na Najat walikuwa wanalifanyia kazi jambo hilo tangu mwezi uliopita na bado walikuwa wanagongana. Wale wawili wakalipata jioni moja. Mwalimu Muhidin aliwarudisha tena na tena akidhani ni bahati. Haikuwa bahati hata kidogo. Tangu harusi, Getruda amekuwa akizisikiliza hatua za yule kijana ili ajue lini aingie ndani. Anajua Luhende akiwa amechoka anatembeaje, akiwa na furaha anatembeaje, akiwa bado umbali gani. Hahitaji kugeuka.

Dorotea alipoelezwa hakusema ndiyo wala hapana.

"Nitakuja," akasema. "Nitakaa palepale mnapopeana, nitazame kwa macho yangu. Nikiona kidole kimegusa kidole, mimi na wewe tutakutana kwa wazee."

Siku ya bonanza uwanja ulikuwa umefurika. Wauza mitumba walikuja na ngoma, mavuvuzela na fulana za kufanana, zote zimeandikwa BINGWA mgongoni kabisa, mbio hazijakimbiwa. Dorotea alikuwa kwenye uzio wa kona ya mwisho, ameshika nondo za uzio kwa mikono miwili, hapepesi. Getruda alimwona, akakaza kanga kiunoni. Akajiambia, mama, ukikosea leo, hutakuwa umepoteza mbio peke yake.

Filimbi ikalia. Farouk akaondoka, huyoo, ametangulia! Soko la samaki zima likanyanyuka. Akafika kwa Najat, na Najat, binti wa watu, pamoja na yote aliyofundishwa, akageuka kutazama. Wakagongana. Kijiti kilichezacheza mikononi mwao, hakikuanguka, lakini wauza mbao wakapita, wauza mitumba wakapita. Luhende alipokipokea walikuwa wa tatu, na pengo lilikuwa la kutia huruma.

Lakini yule fundi injini alikuwa anakimbia kumletea mama mkwe wake. Alikata ile kona meno nje. Akampata muuza mbao, akampita. Akamkaribia wa mitumba. Wakaingia kwenye kona ya mwisho wamefuatana, na pale kwenye eneo la kupokezana, mama wa mitumba aliyekuwa akisubiri kijiti akageuza kichwa kumtafuta mwenzake, na mwendo ukamfa.

Getruda hakugeuka. Macho yake yalikuwa chini, kwenye chokaa. Viatu vikakanyaga. Akachomoka.

Hapo ndipo ngoma na mavuvuzela yakalipuka yote kwa mara moja. Luhende alisema hodi, Luhende alipiga kelele za hodi mpaka sauti ikakatika, lakini hakuna mtu duniani ambaye angeisikia. Mbele kulikuwa na mstari wa pili wa chokaa. Kijiti kikipokelewa nje ya mstari huo, timu imetolewa. Mstari ukawa unakuja. Getruda akajua ana mambo mawili tu, ageuke amtazame mkwe wake usoni mbele ya Mwanza nzima na mbele ya Dorotea, au auamini mgongo wake.

Masikio hayakumsaidia. Akaisikia miguu kwa miguu yake mwenyewe, kwenye udongo, ule mdundo anaoujua, mguu wa kulia mzito kidogo kuliko wa kushoto. Yuko mbali bado. Yuko karibu. Yupo mlangoni.

Akatupa mkono nyuma, kiganja juu.

Kijiti kikashuka ndani yake. Kijiti peke yake, hakuna ngozi, hakuna kucha, na mstari ukapita chini ya mguu wake. Ndipo kutoka kwenye uzio ikatoka sauti iliyozishinda ngoma zote za wauza mitumba.

"Hawakugusanaaa!" Dorotea, mshika mila wa ukoo, alikuwa ameuacha mkoba chini, anakimbia sambamba na uzio, kilemba kimemvuka, anapayuka. "Nimeona mwenyewe! Hawakugusana! Kimbia, wifi! Kimbia, mama wee!"

Na Getruda akakimbia. Alikimbia kama binti wa Bujora, kanga ilikwisha kumdondoka zamani, suruali ya mazoezi na fulana ya soko la samaki, mikono inakata upepo. Yule mama wa mitumba alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na alikuwa mbele. Getruda akamfikia. Wakaenda sawa. Getruda akamtazama, huyu si mkwe wake, anaruhusiwa kumtazama, akacheka kile kicheko chake. Halafu akamwacha. Utepe ukamkatikia kifuani.

Mwaloni nzima iliruka uzio. Wachukuzi, wapiga bei, wanawake wa dagaa na vilemba vyao, Pius na gongo lake, wote ndani. Mwalimu Muhidin alipuliza filimbi bila sababu yoyote, akapuliza tu, machozi yanamtiririka. Modesta alikuwa anamkimbilia mumewe huku anamwita mama yake, hajui aende upande gani. Luhende alilala chali kwenye kona ileile, anaiambia mbingu ahsante.

Getruda hakusimama kwenye utepe. Miguu ilikataa. Akaendelea, akaizunguka kona, akapita mbele ya wauza mitumba waliokuwa wameshusha mavuvuzela, akawapungia kijiti, akapita mbele ya Dorotea, akampungia, akaanza mzunguko mwingine. Mwamuzi mmoja kijana akamfuata mbio na karatasi zake.

"Mama! Mama, simama! Kijiti ni mali ya mashindano, tunakihitaji!"

"Mbona mna haraka?" Getruda akajibu bila kugeuka, na akaongeza mwendo. "Kama mnakitaka, nifikieni!"

Yule kijana alijitahidi, na Farouk akajitahidi, na hata wa mitumba wawili walijitahidi, lakini jioni ile pale Kirumba hapakuwa na mtu wa kumfikia.